Mwongozo kamili: kumfikisha kwa daktari bingwa mgonjwa mwenye matatizo mengi kwa mpigo

Mdogo wangu haongei. Ana mtindio wa ubongo, ana kifafa, kumeza ni shida na mgongo wake umepinda. Kuna kipindi alilia usiku kwa wiki sita mfululizo. Wakati huo tulikuwa na mabingwa watatu, wa kifafa akaongeza dozi, wa tumbo akabadilisha dawa ya asidi, wa mifupa akaagiza picha ya nyonga, na kila mmoja kwa upande wake alifanya kazi yake vizuri tu. Kumbe lilikuwa jino. Jino la nyuma limeoza mpaka kwenye mzizi, na hakuna aliyeangalia mdomoni kwa sababu mdomo haukuwa idara ya mtu yeyote pale.

Toka siku hiyo nimekaa sana na hili jambo. Wengi wetu tunadhani kazi yote ni kumpata bingwa. Ni ngumu kweli, foleni ni ndefu na mabingwa ni wachache, sibishi. Lakini kwa mtu mwenye matatizo manne matano kwa pamoja kumpata bingwa ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine ni kuhakikisha yule bingwa anaona mtu kamili siyo kipande, na kwamba alichosema huyu kinamfikia yule. Habari zinapotea njiani kati ya mlango na mlango, na mgonjwa ndo anaumia.

Huu mwongozo ni kwa yeyote anayemhudumia mtu wa namna hiyo, au ni yeye mwenyewe: mtoto mwenye ugonjwa adimu, mtu aliyeumia uti wa mgongo, mzee mwenye moyo na figo na sukari, mtu mwenye ugonjwa wa akili pamoja na ugonjwa wa mwili, kiziwi au asiyeona anayehitaji upasuaji. Hatuko wachache jamani. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2022 lilisema watu wapatao bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu mmoja kati ya kila sita.

Hatua ya 1: andika ukurasa mmoja

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mgonjwa pia ni hivohivo. Kabla hujapiga simu popote, kaa chini uandike ukurasa mmoja, nasema mmoja, maana faili la kurasa 80 halisomwi na mtu mwenye dakika kumi na tano. Faili nene liwepo, libebe, ila ukurasa ndo unaongea kwanza.

Anza na jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa sasa (kwa mtoto dozi karibu zote zinakokotolewa kwa kilo) na namna anavyowasiliana. Afu magonjwa yake, kila moja na mwaka lilipogundulika na nani alithibitisha, maana kuna magonjwa yanaandikwa kwenye faili kama "inawezekana ana kitu fulani" halafu baada ya miaka mitatu lile neno inawezekana limeshapotea na hakuna aliyepima.

Dawa andika kwa miligramu na saa. Usiandike "kidonge kimoja asubuhi", vidonge vya dawa ileile vinatoka na nguvu tofauti, na dawa ya maji chupa moja inaweza kuwa kali mara mbili ya nyingine, sasa ukisema mililita tano bila kutaja nguvu yake hujasema kitu. Aleji nazo usiishie kwenye jina la dawa, andika ilimfanya nini: alivimba uso, alitoka vipele, au alitapika tu. Kutapika mara nyingi siyo aleji, na ukiandika vibaya mgonjwa anaweza kunyimwa dawa nzuri maisha yake yote.

Andika upasuaji wote aliowahi kufanyiwa, na kama alipata shida yoyote kwenye nusu kaputi. Kama ana kifaa ndani ya mwili, betri ya moyo, shanti ya kutoa maji kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, vyuma vya mgongo, andika aina yake na namba ya modeli. Hiyo namba ndo watakayokuuliza kabla ya MRI (kile kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku) na bila hiyo wanaweza kukurudisha nyumbani.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu anaisahau, na kwangu mimi ndo yenye thamani kuliko zote: hali yake akiwa mzima. Daktari anayemwona mdogo wangu kwa mara ya kwanza haelewi kama kule kulegea kwake ni kwa siku zote au kumeanza jana. Kwa hiyo mi nimeandika hivi: akiwa mzima anageuza kichwa ukimwita, anacheka akisikia muziki, anapata degedege fupi mbili tatu kwa wiki za chini ya dakika moja, oksijeni yake ya kawaida ni kiasi hiki, anapata choo kila baada ya siku mbili. Halafu chini yake: akiwa na maumivu anakunja ngumi ya kulia, anajipinda nyuma na anaacha kuangalia watu. Mistari mitano tu. Nesi mmoja wa zamu ya usiku aliwahi kuisoma akaniambia leo ndo nimejua namhudumia nani.

Weka tarehe chini ya ukurasa. Chapisha nakala mbili, piga picha ubaki nayo kwenye simu, na kila dawa ikibadilika unauandika upya siku hiyohiyo, usisubiri.

Hatua ya 2: mstari wa hatari juu kabisa

Juu ya huo ukurasa, kwa wino mwekundu, weka lile jambo ambalo daktari wa emajensi asipolijua kwenye dakika kumi za kwanza mtu anaweza kufa. Siyo kila mgonjwa analo, ila wengi wenye matatizo mengi wanalo na hawajawahi kuambiwa waliandike. Nitoe mifano.

Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu ya hapo anaweza kupandwa na presha ghafla, kichwa kinagonga, jasho linatoka na uso unakuwa mwekundu, na mara nyingi chanzo ni kitu kidogo tu, mpira wa mkojo umejikunja au choo kimejaa. Anatakiwa akalishwe wima, nguo zilegezwe, mpira ukaguliwe haraka. Asiyejua atamlaza chali, na kumlaza kunaongeza hatari.

Mwenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne hatakiwi kupewa dawa ya kulegeza misuli inayoitwa suksinilikolini wakati wa nusu kaputi, inaweza kuvunja misuli na kusimamisha moyo. Anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au ambaye tezi zake za juu ya figo hazifanyi kazi, akiugua sana au akifanyiwa upasuaji anahitaji dozi ya ziada na kamwe asikatishiwe ghafla. Mwenye shanti kichwani akiumwa kichwa, akatapika na kusinzia isivyo kawaida, msiseme ni malaria au ni tumbo, shanti iangaliwe kwanza. Waliozaliwa na mgongo wazi wengi wana aleji ya mpira wa lateksi, kuanzia glovu mpaka katheta, yaani mpira wa mkojo. Na mwenye kifafa dawa zake hazisimamishwi kwa sababu tu ameambiwa asile kabla ya upasuaji, uliza atapewaje. Degedege ikipita dakika tano ni emajensi, na kama ana dawa ya kumpa nyumbani andika jina lake na dozi.

Muulize bingwa wako moja kwa moja: "Ni kitu gani kimoja ambacho daktari asiyemjua anaweza kukosea kikamuua?" Atakachojibu ndo mstari wako mwekundu.

Hatua ya 3: tafuta mtu wa kushika kamba

Bingwa wa moyo ataangalia moyo. Ndo kazi yake na tunamshukuru. Lakini lazima awepo daktari mmoja ambaye barua zote zinarudi kwake, anayejua kwamba dawa ya huyu inagongana na ya yule, na anayeweza kusema hapana hii operesheni ngoja kwanza. Mara nyingi siyo bingwa kabisa, ni daktari wa kawaida wa familia au wa watoto aliye karibu nanyi. Wazo hili siyo geni, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilianza kulizungumzia mwaka 1967, kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu awe na sehemu moja ambayo kumbukumbu zake zote zinakaa, wakaiita nyumba ya kitabibu.

Usimwachie abahatishe kwamba yeye ndiye. Mwambie: "Daktari, tuna mabingwa wanne, naomba wewe uwe ndo unayeshika picha nzima, barua zote nitaomba ziletwe kwako, na naomba kila baada ya miezi sita tukae tupitie dawa zote moja moja." Wengi wanakubali, kwa kweli wengine wanafurahi kuulizwa. Akikataa amekusaidia pia, tafuta mwingine.

Na nyumbani vilevile. Mtu mmoja awe mshika faili, wengine wawe wasaidizi. Familia ambayo kila anayeenda hospitali ni mtu tofauti inajikuta imesimulia historia mara nane na kila mara imebadilika kidogo.

Hatua ya 4: rufaa iwe na swali

Hapa ndipo watu wanapoteza miezi. Barua ya rufaa inayosema "tafadhali mwone mgonjwa huyu mwenye mtindio wa ubongo kwa msaada zaidi" inafika kwa mtu anayepanga foleni, anaisoma, haoni haraka iko wapi, anaiweka chini. Hana ubaya. Hajaambiwa kitu.

Yule anayepanga foleni anatafuta mambo machache: kuna nini kipya, kimeanza lini na kinakwenda kasi gani, mmeshajaribu nini, vipimo viko wapi, na mnamwomba ajibu swali gani. Kwa hiyo kaa na daktari wako mwandike kitu kama hiki:

"Kijana wa miaka 14, haongei, anatumia kiti cha magurudumu. Miezi minne iliyopita alikuwa kilo 34, leo ni 29. Anakohoa kila anapokula na ametibiwa nimonia mara mbili. Tumejaribu kubadilisha ulaini wa chakula na namna ya kukaa, haijasaidia. Picha za kifua zimeambatanishwa. Swali: je, chakula kinaingia kwenye mapafu, na je, amefika hatua ya kuwekewa mpira wa kulishia tumboni? Anahitaji kitanda kinachoshuka na muda mara mbili ya kawaida."

Ona namba zinavyofanya kazi. Kilo tano kwa miezi minne hakuna anayezipuuza, ila "amekonda" inapuuzwa kila siku.

Omba nakala ya barua uwe nayo mkononi. Baada ya wiki moja piga simu uulize kama imefika, zinapotea nyingi kuliko unavyodhani. Uliza kama kuna orodha ya nafasi zinazoachwa na wengine, useme unaweza kuja kwa taarifa fupi, watu wengi wamepata nafasi miezi mapema kwa hilo tu. Na kabla hujaondoka kwa daktari wako uliza swali ambalo wengi hatuulizi: wakati tunasubiri tufanye nini, na dalili gani zikitokea nisisubiri tena?

Hatua ya 5: bingwa akiwa mbali, msafirishe swali kabla ya kumsafirisha mgonjwa

Kumpakia mtu mwenye kiti cha magurudumu, mashine ya kunyonya makohozi na dawa za siku tatu ili akaonwe dakika kumi na kuambiwa rudi na kipimo fulani, hiyo ni adhabu. Uliza kwanza kama daktari wako anaweza kuongea na bingwa yeye mwenyewe, kwa simu, kwa barua au kwa video.

Hii inafanya kazi na imeshapimwa. Mwaka 2003 daktari wa ini anayeitwa Sanjeev Arora, wa Chuo Kikuu cha New Mexico kule Marekani, aliona wagonjwa wake wa homa ya ini aina ya C wanasubiri miezi na kusafiri masaa mengi, akaanzisha mpango unaoitwa Project ECHO ambapo madaktari wa kawaida wa vijijini wanakutana naye kwenye video kila wiki, wanaleta wagonjwa wao kama mfano, wanafundishana. Utafiti uliotoka 2011 ulionyesha wagonjwa waliotibiwa na wale madaktari wa vijijini walipona sawasawa na waliotibiwa chuoni kwa mabingwa. Maarifa yalisafiri, mgonjwa akabaki kwao. Leo mpango huo umesambaa nchi nyingi na magonjwa mengi, kwa hiyo muulize daktari wako kama kuna kikundi cha namna hiyo anachoweza kupeleka swali lenu.

Kwa magonjwa adimu anza na Orphanet, hifadhi ya taarifa iliyoanzishwa Ufaransa 1997, ina magonjwa zaidi ya 6,000 na inaonyesha vituo vinavyoyajua. Ulaya wanauita ugonjwa adimu kama haumpati zaidi ya mtu mmoja kwa kila watu 2,000, na tangu 2017 wana mitandao 24 ya hospitali zinazojadili wagonjwa wagumu kwa pamoja bila kuwasafirisha, ila kule anayeomba ni daktari wako, wewe mwenyewe hupeleki. Vikundi vya wagonjwa wenyewe navyo ni hazina, wanajua nani anasikiliza na nani hasikilizi.

Neno moja kuhusu picha. Karatasi ya majibu ya MRI siyo MRI. Bingwa anataka kuziona mwenyewe, omba sidii au kiungo cha kuzifungulia, na hakikisha zinafunguka kabla hujatoka nazo. Kama aliwahi kukatwa kinyama cha kipimo, jua kwamba hospitali huwa zinatunza kile kipande, bingwa mpya anaweza kuomba akisome upya badala ya kumkata mtu tena.

Video ina mipaka yake pia. Huwezi kusikiliza mapafu kwa skrini wala kupima nyonga inavyozunguka. Ila kwa kufuatilia dawa, kusoma majibu, kuangalia kidonda, inatosha kabisa.

Hatua ya 6: siku chache kabla

Piga simu mapokezi na useme mahitaji kwa majina yake. Usiseme "ana mahitaji maalum", hakuna anayejua hiyo maana yake nini. Sema: hawezi kusimama, tunahitaji mzani wa kiti cha magurudumu na kitanda kinachoshuka. Sema: kelele zinamchanganya, tunaomba nafasi ya kwanza asubuhi au tusubirie kwenye gari mtupigie simu. Sema: ni kiziwi, tunahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Na mkalimani asiwe mtoto wake wala ndugu, kuna mambo mtu hataki ndugu yake ayatafsiri, na kuna ndugu wanapunguza makali ya habari mbaya kwa huruma, mgonjwa anatoka hajui anaumwa nini.

Kama tatizo linatokea nyumbani, rekodi video. Kwa degedege onyesha mwili mzima na macho, usimfunike, anza kurekodi toka mwanzo uwezavyo, mwite jina ili ionekane kama anasikia, na endelea kidogo baada ya kuisha. Sekunde 40 za video zimewahi kubadilisha kabisa utambuzi wa ugonjwa wa mtu ninayemfahamu, kwa miaka alikuwa anatibiwa kifafa ambacho hakikuwa kifafa.

Beba dawa zote kwenye pakiti zake, pamoja na za dukani na za mitishamba, usimfiche daktari, humwombi msamaha wala ruhusa, anahitaji tu kujua. Na andika maswali matatu. Ukiwa na kumi na mbili utajibiwa mawili yasiyo na maana afu muda umeisha.

Hatua ya 7: mkiwa ndani

Mwombe daktari amsalimie mgonjwa kwanza, hata kama haongei. Mi huwa namtambulisha mdogo wangu kwa jina na kusema anasikia na anaelewa zaidi ya anavyoonyesha, na unaona kabisa sauti ya daktari inabadilika.

Sasa lile la jino. Kuna kosa ambalo madaktari wazuri kabisa wanalifanya, ulemavu unakuwa kivuli kinachofunika kila kitu: analia, ni kwa sababu ya ubongo wake, amekuwa mkali, ni kwa sababu ya usonji, amechoka, ni kwa sababu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo. Mtu mwenye Down akichoka inaweza kuwa tezi ya shingo imelala, yaani inafanya kazi chini ya kiwango, ni kawaida sana kwao na kipimo ni cha damu tu. Swali la kuvunja hicho kivuli ni hili, liseme kwa upole: "Daktari, kama angekuja mtu asiye na ulemavu wowote na dalili hizihizi, ungemchunguza nini?"

Na kwa asiyeweza kusema anaumwa wapi, ombeni mwili uangaliwe kutoka juu mpaka chini: meno, masikio, macho, kucheua asidi, choo kigumu, mkojo, nyonga iliyochomoka, vidonda vya kulalia, hedhi, kucha iliyoingia ndani, na mfupa uliovunjika bila mtu kujua, maana asiyetembea na anayetumia baadhi ya dawa za kifafa miaka mingi mifupa inakuwa dhaifu. Kuna kipimo cha maumivu kinaitwa FLACC kinachoangalia uso, miguu, mwili unavyojisogeza, kilio na kama anabembelezeka, kila kimoja alama sifuri mpaka mbili, jumla kumi, na toleo lake lililorekebishwa linamruhusu mlezi kuongeza dalili za mtoto wake mwenyewe. Ile ngumi ya kulia ya mdogo wangu imo humo sasa.

Dawa mpya ikiandikwa usitoke bila kuuliza: inaongezwa au inachukua nafasi ya ipi, inagongana na zipi, na tutajuaje kama imefanya kazi. Kwenye dawa za kifafa kwa mfano, valproeti inapandisha lamotrijini kwenye damu, dozi ya lamotrijini lazima ishushwe. Kabamazepini, nayo ya kifafa, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na ni wanawake wangapi wenye kifafa hawakuwahi kuambiwa hilo? Mfamasia naye ni mtaalamu, mpelekee ule ukurasa wako.

Mwisho rudia kwa maneno yako alichosema: "Ngoja niseme nilivyoelewa, unisahihishe." Mara mbili katika mara tano nilizofanya hivyo nilikuwa nimeelewa vibaya.

Hatua ya 8: nusu kaputi moja, kazi nyingi

Kama mgonjwa wako hawezi kutulia akachomwa sindano au kuangaliwa meno, na sasa anapangiwa nusu kaputi kwa ajili ya kitu kimoja, pigia simu kliniki zake zote uulize nani ana kazi. Siku jino la mdogo wangu lilipong'olewa walitoa pia damu ya vipimo vya mwaka, wakasafisha masikio, wakapiga picha ya nyonga na kukagua meno yote. Ingekuwa safari nne za vita. Haitokei yenyewe, hakuna kompyuta itakayowaunganisha, ni wewe na simu yako na yule daktari mshika kamba. Anayeamua kama muda wa ziada ni salama ni daktari wa usingizi, kwa hiyo mwoneni mapema, siyo asubuhi ya operesheni.

Na kama kuna MRI na mgonjwa ana shanti inayorekebishwa kwa sumaku, lazima ikaguliwe baada ya kipimo, mashine inaweza kuibadilisha.

Hatua ya 9: baada ya kutoka

Kimya cha hospitali siyo majibu mazuri, shika hilo. Andika kwenye daftari: kipimo gani, kilichukuliwa lini, nani atanipigia, na nikifika tarehe gani bila kupigiwa napiga mimi. Omba nakala ya barua ya bingwa, soma, kama wamekosea dozi au upande wa mwili sema siku hiyo, kosa likikaa kwenye faili linazaa.

Hatua ya 10: kabla hajatimiza miaka 18

Kwa watoto kuna ukuta mbele. Siku moja kliniki ya watoto inafunga mlango, na wale mabingwa wanne waliomjua toka mchanga wanaondoka kwa mpigo. Anzeni kuongelea akiwa na miaka 12 mpaka 14. Ulizeni nani atampokea kwa kila tatizo, ombeni barua ya muhtasari kutoka kila kliniki, na kama inawezekana ziara moja ambayo daktari wa zamani na mpya wote wapo. Mwacheni kijana aanze kuongea mwenyewe, hata kama ni swali moja tu kwa kila ziara. Na fuatilieni sheria inasema nini juu ya nani anaweka saini, maana akiwa mtu mzima uamuzi ni wake, akihitaji msaada wa kuamua asaidiwe, asinyang'anywe.

Wakikukatalia

Uliza sababu, na uiombe kwa maandishi. Kuna kukataa kwa "hatuna kifaa", hapo unauliza nani anacho. Kuna "hatafaidika", hapo unauliza ni kwa sababu ya ugonjwa huu tunaouleta au kwa sababu ya ulemavu wake, na unaomba maoni ya daktari wa pili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa 2006, kwenye kifungu cha 25 unataka wapate huduma ya kiwango kilekile wanachopata wengine, na nchi nyingi sana zimeuridhia, kwa hiyo unapokitaja kifungu hicho kwenye barua ya malalamiko hujatishia mtu, umekumbusha tu.

Na nyie mnaofanya kazi ndani, manesi, watu wa mapokezi, madaktari, mkinisoma: wekeni alama kwenye faili ili tusielezee kila mara, pangeni kliniki mbili tatu siku moja kwa anayetoka mbali, mpeni namba ya nesi mmoja wa kupigia, na ulizeni walezi "leo yuko tofauti na kawaida yake?" Hakuna bajeti inayohitajika kwa hilo swali.

Sasa ukurasa wako ujaribu. Mwachie mtu unayemwamini mgonjwa wako kwa masaa matatu, mpe huo ukurasa, toka, kalale au tembea, umechoka na unastahili. Kila atakachokupigia simu kuuliza, kiandike. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye ukurasa, kiongeze usiku huohuo.